Chozi la Mke wa Makori

Mosocho,
10 Machi 1974

Zilpa dada yangu,

Usishtuke kuona barua yangu imetoka Mosocho na si Itumbe. Nimerudi kwa mama yangu kama msichana ambaye hajaolewa, tena bila watoto. Makori alifariki mwezi uliopita. Ni mapafu. Alikohoa, akakataa kwenda hospitali, akasema ni baridi ya mvua, halafu ikawa basi. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na chai yake.

Sasa sikia yaliyonipata. Siku ya maziko wanawake walinishika mikono wakanipeleka kwenye jeneza ili nilie. Walilia wao, wakalia wageni, akalia hata jirani aliyekuwa akigombana naye juu ya mpaka wa shamba. Mimi nilisimama tu. Halikutoka hata chozi moja. Kwetu mjane hasimami hivyo, wewe unajua, umeishi Kisii ukaona misiba yetu. Mama mkwe alinitazama usoni, akasema kwa sauti, watu wote wakasikia: "Mtu hamlilii aliyemuua mwenyewe."

Neno likishasemwa msibani halirudi. Wakaanza kukumbushana mambo. Eti miaka miwili sasa mimi sili ugali wa wimbi katika jiko la mama mkwe bila kikombe cha maji mkononi. Tonge, funda la maji. Tonge, funda la maji. Kwetu huko ni kumwambia mwenye nyumba kwamba amekutilia sumu, nawe unaiosha. Zilpa, mimi sioshi kitu! Mdomo wangu umekauka. Ugali unaganda kwenye kaakaa kama udongo uliokandikwa ukutani. Ulimi unapasuka, meno yanang'oka yenyewe kama ya bibi kizee, na wewe unajua umri wangu. Sasa nani wa kumwambia hayo?

Shemeji yangu Machogu, ambaye ni mzee wa kanisa na ndiye mkubwa wa boma sasa, aliniambia nirudi Mosocho mpaka jambo lifahamike. Bitutu na Omwenga wamebaki. Ng'ombe wa mahari walitolewa, kwa hiyo watoto ni wa boma. Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea. Hawa wameniita mchawi wakaninyang'anya hata hao niliowazaa.

Tulipokuwa tukilala chumba kimoja pale Kisii, wewe ukisomea unesi na mimi nikifua mashuka ya wodi, ulikuwa ukisema kila ugonjwa una jina. Huu wangu unaitwaje? Niandikie kwa sanduku la shule, ndugu yangu Josiah anafundisha hapo, atanipa.

Mimi dada yako,
Eucabeth Mong'ina


Nairobi,
21 Machi 1974

Mong'ina wangu,

Pole. Pole sana, na samahani kwamba sikujua. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama koridoni, nikaenda nayo moja kwa moja kwa daktari wetu kabla hajanywa hata chai.

Jina lipo, lakini ni la Kizungu na halitakusaidia kitu. Maana yake ni hii. Mwilini mwa kila mtu kuna askari wa kupigana na magonjwa. Kwa watu wachache, na wengi wao ni wanawake kama sisi, askari hao hugeuka wakavamia tezi zinazotoa mate na machozi. Mdomo unakauka, meno yanaoza, na macho pia yanaweza kukauka. Umesikia? Na macho! Daktari alipofika hapo nilipiga kofi mezani mpaka akaniuliza kama mgonjwa ni mimi.

Wala si jambo la kubahatisha, kuna vipimo. Utanyonya limau na kutema mate kwenye kikombe, tuone yanatoka kiasi gani. Utawekewa ukanda wa karatasi kwenye kope ya chini na kufumba macho, tuone machozi yamelowesha mpaka wapi. Halafu watakukata kidogo sana ndani ya mdomo wa chini, kinyama kama punje ya mchele, kitazamwe kwa darubini. Usiogope, kuna sindano ya ganzi.

Njoo, utalala kwangu. Na huyo Machogu wako nimemwandikia kumweleza. Najua utanikasirikia, lakini unanijua, mimi sijui kunyamaza. Yeye ndiye aliyefunga mlango, basi na aufungue yeye.

Zilpa Akoth


Itumbe,
17 Aprili 1974

Kwa Sista Zilpa Akoth,

Nakusalimu katika jina la Bwana ajaye. Barua yako nimeipokea. Umeandika kwa ukali kidogo, lakini si neno, maana wewe si wa kwetu na hukuwepo.

Mimi si mtu wa waganga. Nimebatizwa, nimesoma, ni karani katika kituo cha kununulia chai. Sijatamka kwa mdomo wangu kwamba mke wa marehemu ndugu yangu ni mchawi. Lakini mimi ndiye ninayeishi na mama. Mama hali, hatoki nje, anasema mwanawe ameliwa. Na hapa kwetu neno hilo si la mchezo. Vijana wakilishika, nyumba inaungua na mtu ndani. Nilimpeleka Mosocho ili asidhurike. Pengine hilo hakukuambia, au halijui.

Ninauliza swali moja tu. La maji na ugali tuliache, kila mtu na tabia yake ya kula. Lililotuvunja ni lile la kaburini. Je, macho yake yana machozi au hayana? Kama ni ugonjwa na hana, basi tumemkosea, nami nitampa watoto wake mbele ya watu wote. Kama anayo na alimnyima ndugu yangu, na abaki alipo. Nijibu ndiyo au siyo. Neno la hospitali nitaliamini.

Wako katika imani,
Machogu


Mosocho,
2 Juni 1974

Zilpa dada,

Nilifika salama. Mdomo umevimba upande mmoja, mama ananiita bata. Ule uzi mlionishonea umeshatoka wenyewe.

Nataka ucheke kidogo. Yule mtu wa maabara, nilipomaliza kunyonya limau na kutema, alikitikisa kikombe, akanitazama, akasema, "Mama, tema basi." Nikamwambia, "Baba, ndiyo nimetema." Akaenda kumwita mwenzake waje kunitazama wawili! Angalau kuna mtu mmoja Nairobi aliyeamini mdomo wangu.

Lakini ile karatasi ya macho ndiyo iliyonitesa. Unakaa umefumba macho, inakukwaruza kwenye kope, na wewe unajiambia, kauka, kauka, kauka. Niliomba, Zilpa. Mtu mzima, mama wa watoto, nikamwomba Mungu anikaushe macho. Walipoitoa, daktari alisema neno kwa Kiingereza, wakaweka nyingine, akasema tena neno lilelile. Wewe ukatazama dirishani. Njiani nikakuuliza, ukaniambia tungoje majibu ya mdomo.

Haya, ninangoja. Lakini wewe hujui kuficha, hata zamani ulikuwa hujui.

Mong'ina


Nairobi,
20 Juni 1974

Mong'ina,

Majibu yametoka. Nitakuandikia kama yalivyo, maana nikizunguka utanijua.

Mate karibu hayapo. Kile kinyama cha mdomo, darubini imeonyesha askari wamejaa ndani ya tezi, wamezibomoa. Ugonjwa unao, hakuna ubishi, na hata hapa wanafunzi wa udaktari wameitwa kuja kuuona. Hauna dawa ya kuumaliza. Kunywa maji kila mara bila kumwonea mtu haya, paka midomo mafuta, sukari iache kabisa, na meno yaliyobaki yatazamwe.

Macho sasa. Karatasi ililowa. Zote mbili zililowa vizuri. Daktari anasema ugonjwa haujafika machoni, na kwa wengine haufiki kabisa. Macho yako yana machozi kama haya yangu.

Nimekaa na habari hii tangu siku ile, nikitumaini labda daktari atasema vingine, na hakusema. Nisaidie nielewe. Kaburini ilikuwaje? Shemeji yako ameniuliza swali moja tu, na swali lenyewe ni la macho.

Zilpa


Mosocho,
27 Juni 1974

Zilpa,

Unataka kujua. Haya.

Mwaka juzi, tulipovuna wimbi, maneno ya maji yalimfikia Makori. Hakuniuliza. Alingoja Jumapili ndugu zake wote wapo, akanikalisha jikoni kwa mama yake, akaniwekea ugali, akakiondoa kikombe. Akasema, "Leo utakula mkavu, watu waone kama unaogopa chakula cha mama."

Nilikula. Tonge la kwanza likakwama, nikalisukuma kwa kidole. La pili nikalikohoa, likatoka na damu ya ufizi, nikalirudisha. Mwanzoni walikuwa wakicheka. Halafu wakaacha kucheka, lakini hakuna aliyesema imetosha. Machogu alikuwepo, akawa anatazama mikono yake. Mama mkwe alikuwa amenipa mgongo akichochea moto. Makori akasema, "Maliza." Nikamaliza. Nililia siku ile, nililia na ugali mdomoni, Bitutu amesimama mlangoni ananiona.

Baada ya hapo nilimpikia, nikamfulia, nikamuuguza alipougua, nikamshika kichwa akikohoa. Sikumfanyia baya lolote. Lakini nilikuwa nimemaliza naye. Pale kwenye jeneza nilijaribu, wallahi nilijaribu. Nilimkumbuka akiwa kijana, amekuja kwetu na baiskeli ya kuazima, shati limechomekwa. Nilikumbuka mpaka nikachoka. Hakuna kilichokuja. Nilimsikitikia kama unavyomsikitikia mtu wa kijiji cha pili.

Sikumuua, Zilpa. Nilikuwa tu sina cha kumlilia.

Sasa nakuomba. Mwandikie Machogu kwamba macho ni makavu. Nani atajua? Ugonjwa ninao kweli, mdomo ni mkavu kweli, na wewe mwenyewe umesema unaweza kufika machoni. Hebu sema umefika. Omwenga nilimwacha akiwa ndio kwanza anatamka maneno, sasa atakuwa anamwita mtu mwingine mama. Nawataka wanangu, sitaki shamba, sitaki chai, sitaki kusafishwa jina. Ukikataa sitakulaumu.

Mong'ina


Nairobi,
10 Julai 1974

Kwa Mzee Machogu,

Uliniuliza swali moja, na kabla sijalijibu nitakueleza ambalo hukuuliza, kwa sababu wewe ni mtu wa kusoma.

Mke wa marehemu ndugu yako ana ugonjwa unaoharibu tezi za mate. Tumepima mate, tumepima nyama ya mdomo kwa darubini. Mtu huyu hawezi kumeza ugali bila maji. Si tabia, si dharau, wala hamshuku mtu yeyote. Ukimpa chakula kikavu umempa mchanga. Sijui kama kuna aliyewahi kumlazimisha kula hivyo. Kama yupo, na ajue alichokifanya.

Kuhusu macho, ambayo ugonjwa huu huyafikia baadaye, nilikuwepo mimi mwenyewe. Karatasi iliwekwa ikatoka kavu, ikawekwa nyingine ikatoka kavu. Hana machozi. Hata angetaka kumlilia mumewe asingeweza.

Sista Zilpa Akoth


Itumbe,
24 Julai 1974

Mpendwa Sista Zilpa,

Bwana akubariki kwa kazi ya mikono yako.

Nilimsomea mama barua yako, nikiigeuza kwa lugha yetu. Nilipofika pale pa mdomo alinizuia, akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. Akauliza, "Yaani siku ile, mtoto wa watu alikuwa anakula mchanga jikoni kwangu?" Akajifunika leso usoni akalia. Nami nilikuwepo siku hiyo, Sista, na sikufungua kinywa. Wewe hujui ninalolisema na sitaki kulieleza. Nimekwenda kuliungama kwa mchungaji.

Baadaye ndipo nikawasomea ndugu yale ya macho. Walifurahi, maana ndilo walilokuwa wakilingoja.

Tumeweka Jumapili ya tarehe 11 Agosti. Boma lote litakuja, mchungaji ataomba, nitachinja mbuzi. Mama amesema atapika yeye mwenyewe, na maji atamwekea kwa mkono wake. Natamani ungekuwepo.

Wako katika imani,
Machogu


Nairobi,
1 Agosti 1974

Mong'ina,

Nimefanya ulichoniomba. Sikulala vizuri tangu hapo, lakini nimefanya, na Machogu ameamini. Nenda kachukue watoto wako.

Ila sikia, na ulishike hili. Huko mbele usilie mbele ya watu. Kwa msiba, kwa furaha, kwa hasira, usilie. Ukisikia yanakuja, ingia katikati ya chai ukachume. Jana nimekumbuka moshi wa jikoni nikatoka jasho jembamba! Nani halii kwa moshi wa kuni mbichi? Inaonekana hakuna aliyewaza hilo, basi usiwakumbushe. Kaa karibu na mlango.

Nakupenda, mkaidi wewe.

Zilpa


Itumbe,
14 Agosti 1974

Sista Zilpa,

Sina salamu ndefu.

Alikuja. Mchungaji aliomba. Mama alitoka nje na kikombe cha maji mkononi kumpokea, jambo ambalo mkwe wa kike hafanyiwi kwetu. Mimi nikasimama nikawaambia watu tumemkosea mwanamke huyu, ni mgonjwa, hana machozi, hospitali imempima. Nililisema kwa kinywa changu, mimi mzee wa kanisa. Kisha watoto wakatolewa ndani.

Na yeye akalia. Alilia mashavu yote yakalowa, na kola ya gauni la Bitutu ikalowa, na kila mtu akaona. Nikamuuliza, "Kumbe ulikuwa unaweza?" Mama alikiweka kikombe chini akaingia ndani. Vijana walianza kupiga kelele, ikabidi mimi na mchungaji tumsindikize mpaka barabarani kabla jua halijashuka.

Njia ya mwongo ni fupi, Sista. Lakini kinachoniuma si hicho. Ungeniandikia la mdomo peke yake, ukaniambia kweli macho ni mazima, ningekasirika, sikatai. Lakini mama alikuwa ameshasamehe pale pa mdomo, kabla sijafika kwenye macho. Na mimi pia. Sasa mama anasema hata huo mdomo ni uongo, kwamba siku ile alikohoa makusudi ili kumwaibisha. Namwambia sivyo, ananiuliza, "Nani amesema? Si yule yule sista?"

Watoto watakaa hapa. Usiniandikie tena.

Machogu


Mosocho,
1 Septemba 1974

Zilpa,

Barua ya Machogu uliyonitumia nimeisoma na ninakurudishia, sitaki ikae nyumbani kwa mama. Eti angenipokea kwa mdomo peke yake. Labda. Si yeye aliyeandika kwamba la mdomo tuliache?

Umeniuliza kama nina hasira nawe. Nilikuambia ukikataa sitakulaumu. Hukukataa, na ninakulaumu. Nisamehe, ndivyo ilivyo, naamka nayo kila siku. Mfa maji haachi kutapatapa, nami ndiye niliyekuwa ndani ya maji. Wewe ulikuwa umesimama ukingoni, na wewe ndiwe sista. Ungeniambia hapana. Ningekutukana, ningenuna mwaka mzima, na pengine leo ningekuwa Itumbe ninampiga Omwenga chanuo. Naye Omwenga hakunijua, alijificha nyuma ya shangazi yake.

Machogu hakukuandikia yote kwa sababu hakuyaona yote. Nilikuwa nimejiapiza. Nilipanda ile njia nikijiuma ule mdomo mlioukata. Bitutu akatoka jikoni na lile gauni nililomshonea, pindo limeshushwa na mkono wa mtu mwingine, amerefuka. Akanikimbilia. Niliinama nikauficha uso wangu shingoni kwake, na hapo yakaja, Zilpa, yakaja yote. Lakini sikutoa sauti wala sikutikisika. Hakuna aliyeona. Nilisikia mama mkwe akisema, "Muacheni amshike mwanawe." Nikasema moyoni, nitakaa hivi hivi mpaka yakauke, nitainua uso, itakuwa imekwisha.

Ila mtoto alisikia shingo yake inalowa. Kumbe walimwambia niliondoka kwa sababu sikumlilia baba yake, kwamba mama asiyelia hakai bomani. Akajitoa mikononi mwangu, akanishika mashavu, akanigeuza uso kwa watu wote, akapiga kelele, "Nyanya, njoo uone! Mama analia! Sasa anaweza kukaa!"

Alikuwa anaruka kwa furaha. Aliruka mpaka alipoona kwamba hakuna mwingine anayecheka.

Mong'ina